Kipofu aliyejifunza gita kwa sikio na kuubadilisha muziki wa Kilatini

MNAMO 1947, mwanamuziki mmoja maarufu wa Kuba alisafiri hadi jijini New York, Marekani, akiwa na tumaini moja tu moyoni: kurejeshewa nuru ya macho.

Daktari aliyemwendea, Ramón Castroviejo, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa upasuaji wa macho waliosifika sana enzi hizo. Baada ya kumchunguza, alimpasulia mbarika. Mishipa ya macho yake ilikuwa imekufa kabisa, na hapakuwa na kisu wala dawa ya kuifufua.

Jamaa zake husimulia kwamba muda mfupi baada ya kupata habari hizo, mwanamuziki huyo alimwomba mtu aketi karibu naye na kuandika. Akaanza kutamka maneno ya wimbo. Kibao hicho, La vida es un sueño, yaani 'Maisha ni ndoto', hadi leo kingali miongoni mwa nyimbo za polepole zinazoenziwa mno katika nchi zinazozungumza Kihispania.

Mtunzi wake alikuwa Arsenio Rodríguez, ambaye mashabiki walimpa lakabu ya El Ciego Maravilloso, yaani Kipofu wa Ajabu.

Arsenio hakusomea muziki katika chuo chochote. Hakuweza kusoma nota wala kuziandika. Hata hivyo, muundo wa bendi alioubuni mnamo 1940 ndio uliokuja kuwa uti wa mgongo wa muziki ambao ulimwengu mzima unaufahamu leo kwa jina la salsa.

Je, iliwezekanaje kwa mtu asiyeona, mjukuu wa watumwa na mtoto wa mashamba ya miwa, kuubadilisha muziki wa bara zima? Na ni kwa nini jina lake halijulikani sana ilhali majina ya waliofuata nyayo zake yamekuwa yakivuma? Ili kupata majibu, hatuna budi kurudi alikozaliwa.

MIZIZI YA KONGO

Arsenio alizaliwa mwishoni mwa Agosti 1911 katika kijiji cha Güira de Macurije, mkoani Matanzas. Eneo hilo lilikuwa moyo wa kilimo cha miwa, na ndiko walikopelekwa Waafrika wengi waliotekwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki ili wafanye kazi ya utumwa.

Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka wa 1886, miaka 25 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Kwa hivyo, wazee waliomlea hawakuusoma utumwa vitabuni. Wengi wao walikuwa wameuonja wenyewe, na migongo yao ilikuwa ushahidi tosha.

Familia yake ilikuwa na asili ya Kongo. Katika jamii hiyo watu walihifadhi ngoma, nyimbo, maneno ya Kikongo na ibada za mababu. Mtoto Arsenio alikua akizisikia ngoma hizo kila palipokuwa na sherehe, matanga au maombi.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka saba, balaa liliingia nyumbani. Mnyama wa kazi, ambaye baadhi husema alikuwa farasi na wengine nyumbu, alimpiga teke kichwani. Tangu siku hiyo hakuona tena.

Kwa mtoto wa maskini mashambani, upofu ulikuwa sawa na hukumu. Hangeweza kukata miwa wala kuingia kiwandani. Kilichosalia kilikuwa masikio yake, na akayatumia ipasavyo.

Alianza na ngoma za wazee wake. Kisha akajifunza marímbula, kisanduku kikubwa chenye vipande vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole ili kutoa sauti ya besi. Chombo hicho ni jamaa wa karibu wa likembe ya Kongo na ilimba ya Wagogo wa Tanzania. Baadaye akaangukia ala ambayo ingempa jina: gita liitwalo tres.

Tres ni gita dogo la Kuba. Jina lake lina maana ya 'tatu', kwa kuwa lina jozi tatu za nyuzi. Nyuzi mbili za kila jozi hukaa karibu na kupigwa kwa pamoja, hivyo sauti yake huwa kali na yenye kumeta, tofauti na upole wa gita la kawaida. Mpigaji wa tres kwa kawaida hurudiarudia kifungu kifupi cha sauti kinachowafanya wachezaji washindwe kutulia vitini.

WALIMU WASIO NA DARASA

Watu husema Arsenio alijifunza mwenyewe, na ni kweli kwamba hakupata elimu rasmi ya muziki. Lakini kujifunza mwenyewe si kujifunza peke yako. Kipofu huyo alikuwa na walimu wengi, ila hawakuwa na ubao wala chaki.

Baadhi yao walikuwa wazee wa Kikongo waliojua ngoma ipi huitikia ipi. Wengine walikuwa wanamuziki wa mitaani katika mji wa Güines, ambako familia yake ilihamia. Huko mpigaji stadi wa tres, Victor González, alimwonyesha njia.

Fauka ya hayo, palikuwa na wakulima wenye asili ya Kihispania walioghani mashairi yao kwa gita. Palikuwa pia na wapigaji wa son, muziki uliotoka mashariki mwa Kuba na kuenea kisiwa kizima mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwanafunzi wa chuo huchaguliwa mambo ya kujifunza na mwalimu wake. Aghalabu huambiwa pia kwamba muziki fulani ni wa maana na mwingine ni makelele ya washamba. Arsenio hakuwa na mtu wa kumwekea mpaka huo. Kila alichokisikia kikiwa na ladha, alikipokea.

Mnamo 1926, kimbunga kikali kilipiga Kuba na kubomoa makao yao. Familia ikahamia viungani mwa Havana, jiji kuu. Kijana huyo aliyekuwa na miaka 15 alianza kupiga tres katika vikundi vidogo mtaani Marianao. Baadaye akaongoza kikundi chake mwenyewe, Sexteto Boston, na kilipovunjika akajiunga na Septeto Bellamar.

Maisha hayakuwa rahisi. Miaka ya 1930 ilikuwa ya dhiki kote ulimwenguni, na bei ya sukari ilikuwa imeporomoka. Isitoshe, ubaguzi wa rangi ulikuwa umekita mizizi. Vilabu vikubwa vya Havana vilikuwa vya Weupe, na mtu Mweusi aliingia humo kufagia, kupika au kutumbuiza, wala si kuketi mezani.

WIMBO WA MTUMWA

Mlango wa kwanza ulifunguka mnamo 1937 kupitia utunzi. Mwimbaji Miguelito Valdés, akiwa na Orquesta Casino de la Playa, alirekodi wimbo wa Arsenio uitwao Bruca maniguá.

Ulikuwa wimbo wa ajabu. Anayezungumza ndani yake ni mtumwa mzaliwa wa Afrika, anayelia kwamba hawezi kuishi bila uhuru na kwamba bwana wake anamtesa. Lugha yake si Kihispania sanifu. Arsenio alichanganya Kihispania kilichovunjika cha watumwa na maneno ya Kikongo aliyoyasikia utotoni.

Tafakari jambo hilo. Bendi iliyowatumbuiza matajiri Weupe iliimba hadharani malalamiko ya mtumwa, kwa lahaja ambayo watoto wa matajiri hao waliicheka. Wachezaji waliusakata wimbo huo kwa furaha, na huenda wengi wao hawakutambua walichokuwa wakikicheza.

Kibao hicho kilivuma ndani na nje ya Kuba. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mnamo 1999, kilifungua albamu ya mwimbaji mkongwe Ibrahim Ferrer wa kundi la Buena Vista Social Club, na kuwafikia mamilioni ya wasikilizaji ambao hawakuwa wamezaliwa kilipotungwa.

Waama, Bruca maniguá ilidhihirisha namna Arsenio alivyotunga. Hakuchukua muziki wa Kizungu na kuupaka rangi ya Kiafrika juujuu. Alianza na sauti ya Mwafrika kisha akaitafutia ala na maneno ya kuifikisha kwa kila mtu.

BENDI YA 1940

Kabla ya Arsenio, son ilipigwa na vikundi vya watu sita au saba. Vilikuwa na gita, tres, besi, bongo, manyanga na vijiti viwili vya kugonganishwa viitwavyo claves. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, vikundi vingi viliongeza tarumbeta moja.

Mnamo 1940, Arsenio aliunda bendi yake na kufanya mabadiliko matatu makubwa.

Kwanza, aliongeza tarumbeta ya pili, na baadaye ya tatu. Tarumbeta moja huweza kupamba wimbo tu, ilhali tarumbeta kadhaa zinaweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na hata kumjibu mwimbaji.

Pili, aliongeza piano. Tres na piano zikaanza kusuka vifungu vilivyopishana, kimoja kikipanda huku kingine kikishuka. Miongoni mwa waliopiga piano katika bendi hiyo miaka ya 1940 ni kijana Rubén González, aliyekuja kupata sifa za kimataifa uzeeni mwake kupitia Buena Vista Social Club. Mwingine alikuwa Lilí Martínez, ambaye pia alisaidia kupanga sauti za ala.

Tatu, na hili ndilo lililoleta gumzo, aliingiza tumba, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja.

Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, aliyezoea kuona tumba katika kila bendi ya dansi, huenda jambo hilo lisiwe la kushangaza. Lakini Kuba ya wakati huo iliiona ngoma hiyo kuwa ya watu wa mitaa ya mabanda na ya ibada za 'kishenzi'. Kulikuwa na nyakati ambapo wakuu wa serikali walipiga marufuku ngoma za aina hiyo barabarani. Mwanamuziki aliyetaka kuheshimiwa alijitenga nazo.

Arsenio aliitoa ngoma hiyo uani na kuiweka sebuleni. Baada ya muda mfupi, bendi nyingine ziliona jinsi umati ulivyokuwa ukimfuata, nazo zikamwiga.

MCHANGANYIKO ULIOPIMWA

Si kila anayechanganya mitindo hupata kitu kinacholika. Mpishi anayetia viungo vyote alivyo navyo chunguni huishia kupata uji usio na jina. Siri ya Arsenio ilikuwa katika kuipa kila ala nafasi yake.

Msingi wa yote ulikuwa mapigo ya vijiti. Mapigo hayo ni matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, na hujirudia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Msomaji anaweza kuyajaribu kwa kupiga makofi: pa, pa, pa, kisha kimya kidogo, pa-pa. Mapigo hayo, yenye asili ya Afrika, husikika pia katika nyimbo nyingi za rumba ya Kongo.

Juu ya msingi huo, besi ya Arsenio mara nyingi iliruka pigo la kwanza, mahali ambapo sikio la Mzungu lilitarajia kulisikia. Tumba ilijaza pengo hilo. Bongo iliropoka katikati. Tres na piano zikasuka, na tarumbeta zikangoja zamu yao.

Mtindo huu unafanana sana na ngoma za Kongo alizozipiga utotoni. Katika ngoma hizo, kila mpigaji huwa na kifungu kifupi, na utamu hutokana na jinsi vifungu hivyo vinavyoingiliana. Arsenio aliugawa mpangilio huo wa ngoma kwa ala za Kizungu. Piano na tarumbeta zikawa ngoma kwa namna yao.

Jambo jingine lilikuwa mwendo. Bendi nyingi zilikimbilia kasi ili kuwafurahisha watalii. Arsenio alipunguza mwendo. Wachezaji Weusi waliojaa katika bustani za dansi na kumbi za jamii zao walimpenda kwa hilo, kwa kuwa mwendo wa pole uliwapa nafasi ya kuuonja kila mpigo kwa mwili.

Aidha, aliipa nguvu sehemu ya pili ya wimbo. Sehemu ya kwanza husimulia kisa. Ya pili huitwa montuno, na hapo mwimbaji kiongozi hubuni maneno huku wenzake wakirudia kiitikio. Kuelekea mwisho, Arsenio aliziachia tarumbeta zirudierudie kifungu chao kwa kupandisha mori, sehemu ambayo aliiita diablo, yaani 'shetani'.

Mpenzi wa rumba ya Kongo hatakosa kuitambua hali hiyo. Ni sawa na pale wimbo wa Lingala unapomaliza maneno ya mapenzi na gita kuingia kwenye sebene, na ukumbi mzima kuinuka.

Maudhui ya nyimbo zake pia yalikuwa mseto. Aliimba mitaa ya Havana na watu wake, mapenzi, majonzi na ibada za wazee. Aliimba pia fahari ya kuwa Mweusi. Katika Yo nací del África alijitangaza kuwa mzawa wa Afrika, miaka mingi kabla ya jambo hilo kuwa fasheni miongoni mwa wanamuziki wa Marekani.

MTI WAKE, MATUNDA YA WENGINE

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arsenio alihamia New York. Bendi yake ya Havana aliiachia mpigaji tarumbeta Félix Chappottín, aliyeiendeleza kwa mafanikio makubwa akiwa na mwimbaji Miguelito Cuní.

Aliwasili Marekani wakati ambapo mambo, dansi ya kasi kutoka Kuba, ilikuwa imewatia watu wazimu. Aliyetajirika kwa sifa za mambo alikuwa Dámaso Pérez Prado, Mkuba aliyekuwa Mexico. Jijini New York, ukumbi wa Palladium ulitawaliwa na bendi kubwa za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez.

Arsenio alishikilia kwamba chimbuko la mambo ni sehemu ile aliyoiita diablo, na kwamba mizizi yake ni ya Kikongo. Hata hivyo, wapo wanaowataja ndugu wawili, Orestes na Israel López, ambao mnamo 1938 walipiga kibao chenye jina hilohilo la Mambo. Mjadala huo haujaisha. Jambo la hakika ni kwamba muziki wa namna hiyo hauna baba mmoja, na kwamba Arsenio alikuwa miongoni mwa wazazi wake.

Licha ya mchango huo, mwendo wake wa pole haukuwavutia sana wateja wa kumbi kubwa waliotaka kasi na mbwembwe. Mashabiki wake halisi walikuwa wahamiaji wa kutoka Kuba na Puerto Rico walioishi Harlem na Bronx, nao aliwatungia nyimbo.

Hakuacha kujaribu mapya. Mnamo 1963 alitoa albamu iliyobeba neno Quindembo, ambalo alilieleza kuwa la Kikongo lenye maana ya mchanganyiko wa vitu vingi. Katika albamu hiyo alizileta pamoja nyimbo za ibada za Kikongo na ladha za jazi ya Marekani. Wanunuzi hawakuichangamkia, lakini neno hilo moja linatosha kuwa muhtasari wa maisha yake yote.

Alihamia Los Angeles miaka yake ya mwisho, na huko ndiko alikoaga dunia mnamo Desemba 30, 1970. Alizikwa katika jimbo la New York. Hakuacha utajiri, na wakati huo vijana wengi waliocheza muziki uliotokana na wake hawakulijua jina lake.

Kinaya ni kwamba hapo ndipo salsa ilipoanza kushika kasi. Kampuni ya Fania, iliyoanzishwa New York mnamo 1964 na Johnny Pacheco pamoja na Jerry Masucci, ilijenga sifa zake kwa bendi zilizofuata muundo wa Arsenio. Mpigaji piano Larry Harlow alitoa albamu ya kumuenzi mnamo 1971, miezi michache tu baada ya kifo chake. Nalo kundi la Sonora Ponceña la Puerto Rico lilikuwa tayari limepata umaarufu kwa kuzirudia nyimbo zake Hacheros pa' un palo na Fuego en el 23.

Miaka ya 1990, kundi la Sierra Maestra la Kuba lilirudia kibao chake Dundunbanza, na mpigaji gita Marc Ribot wa Marekani akatoa albamu nzima iliyosheheni nyimbo zake. Sifa zilikuja, ila mwenyewe hakuwepo kuzipokea.

MUZIKI ULIORUDI NYUMBANI

Kisa hiki kinamhusu vipi msomaji wa Afrika Mashariki? Kinamhusu kwa sababu muziki uliobebwa na watumwa kwenda Kuba ulivuka bahari na kurudi.

Kuanzia 1933, santuri za muziki wa Kuba zilianza kuuzwa Afrika chini ya nembo ya Uingereza ya HMV. Zilijulikana kwa herufi GV zilizotangulia nambari zake. Ya kwanza ilikuwa El manisero ya bendi ya Don Azpiazú, wimbo kuhusu mchuuzi wa njugu. Mabaharia, wafanyakazi wa reli na wenye vilabu walizinunua kwa wingi.

Katika miji ya Kongo, wasikilizaji waliona kitu walichokifahamu. Kwanza wanamuziki waliiga nyimbo hizo pamoja na Kihispania chake, hata kama hawakukielewa. Baadaye wakaanza kuimba kwa Lingala na kulipa gita kazi iliyofanywa na piano na tres. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mnamo 1953, na OK Jazz ikafuata mnamo 1956.

Si haki kudai kwamba Arsenio ndiye aliyeileta rumba Afrika. Wakuba wengi walichangia. Lakini ni vigumu kutoona kufanana kwake na kinara wa OK Jazz, Franco Luambo Makiadi. Franco naye alifiwa na babake akiwa mdogo, akajifunzia gita la kujitengenezea karibu na meza ya mamake sokoni, na hakuingia chuo cha muziki. Naye pia alichanganya ya nyumbani na ya ng'ambo hadi akapata sauti ambayo haikuwa ya mtu mwingine.

Kutoka Kongo, rumba ilifika Nairobi na Dar es Salaam. Baba Gaston, Super Mazembe na Samba Mapangala ni baadhi tu ya waliohamia eneo hili na kulifanya makao yao ya muziki. Bendi za humu nchini ziliimba kwa Kiswahili juu ya mapigo hayo, na vizazi viwili vikakua vikidhani rumba ni ya kwao tangu jadi. Kwa namna fulani, walikuwa sahihi.

Mnamo Desemba 2021, Unesco iliiorodhesha rumba ya Kongo miongoni mwa turathi za binadamu zisizoshikika, miaka mitano baada ya kuiorodhesha rumba ya Kuba.

FUNZO LA KIPOFU

Kuna mambo mawili ambayo kisa cha Arsenio kinawaachia wanamuziki chipukizi na wale wanaowasimamia.

La kwanza ni kwamba elimu ya muziki haimo darasani pekee. Mzee anayejua kupiga nyatiti, zumari au kayamba ni chuo kinachotembea. Anapoaga dunia bila mwanafunzi, maktaba nzima huteketea. Arsenio alifaulu kwa sababu alipata wazee wa kumfunza, na kwa sababu hakuona haya kuwaiga mbele ya watu walioziita ngoma zao za kishenzi. Kile ambacho wenzake walikificha ndicho kilichomtofautisha na wote.

La pili ni chungu zaidi. Mtu anaweza kubuni kitu kikachezwa na ulimwengu mzima, kisha yeye mwenyewe akafa bila utajiri. Kilio cha mirabaha, kinachosikika kila mara miongoni mwa wanamuziki wa Kenya, si kigeni hata kidogo. Watunzi wasioandika muziki wao, wasiojua mikataba na wasiosajili haki zao ndio huumia zaidi, na aghalabu wao ndio hubuni mambo mapya.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Arsenio alicheza vya kwao, akacheza kwa moyo wake wote, na ulimwengu ukaamka kucheza pamoja naye. Kutunzwa ndiko kulikochelewa.